Mbuzi Asilale Kwako: Miaka Yangu ya Mnada Karatu

Mimi nimestaafu. Hakuna aliyenisomea risala, hakuna aliyenikatia keki, na saa ya ukutani sijapewa. Mtu wa mnadani akistaafu, siku ya mnada inafika, watu wanauliza, "Mama Aika yuko wapi?" Mmoja anajibu, "Magoti." Wanasikitika kidogo, biashara inaendelea. Ndivyo inavyotakiwa. Mbuzi hawana muda wa kumsubiri mtu.

Lakini nyie wasichana mlioingia mnadani miaka hii, wewe Paulina na wenzako, mmekuwa mkija hapa kwangu kuniuliza mambo, na mjukuu wangu Doreen amechoka kunisikia nikirudia. Akasema, "Bibi, andika." Nikamwambia shule yangu iliishia pale watu wanapojifunza kugawanya, nami sikusubiri nione wanagawana nini. Akasema, "Andika kama unavyoongea, mimi nitachapa." Haya basi. Herufi zikikosewa mlaumuni yeye. Maneno makali ni yangu.

Doreen anafanya kazi mjini, kwenye ofisi ya watalii. Anatunza tovuti yao. Anasema tovuti ina faili moja linaloamuru kila ukurasa uvae nini, rangi gani, herufi nene kiasi gani. Kila fundi aliyepita pale aliongeza amri zake juu ya za mwenzake, na hakuna aliyethubutu kutoa hata moja, wakiogopa kitu kitaharibika. Faili likavimba. Ukurasa ukawa unafunguka kama mlango wa ghala lenye kutu. Kwa hiyo mtoto wa watu anakaa kutwa nzima akisaka amri ambazo hazivalishi kitu chochote azitupe, ili hata mtu aliyeko Nainokanoka, anayeshika mtandao akiwa amepanda juu ya jiwe, naye aone picha. Nikamwambia kazi hiyo naijua. Mimi nilibeba kamba zilizooza mnadani kwa miaka, hazifungi hata kuku, nikiogopa kuzitupa, mpaka mtu akanicheka.

Halafu akanionyesha kitu kingine kwenye simu. Watu wananunua hisa za makampuni asubuhi, wanaziuza siku hiyo hiyo, hawalali nazo. Ana marafiki wanaofanya. Wengine wamenunua viatu, wengine wanalia. "Bibi," akasema, "hii si ndiyo kazi yako?"

Nikaitazama ile mistari inayopanda na kushuka. Ndiyo, ni kazi yangu. Ila hisa haikojoi, na hapo ndipo vijana wana shida. Nitaeleza.

Kazi yangu ilikuwa kununua mbuzi mnadani asubuhi kwa wafugaji, na kuwauza pale pale mnadani kabla magari ya Arusha hayajaondoka. Sikuwa na zizi wala malisho. Naingia na kamba tupu begani, natoka na kamba tupu begani. Kilichopatikana katikati ndicho kilichowasomesha watoto.

Nilikuja Karatu kutoka Kilema nikimfuata mume wangu, fundi mwashi, wakati hoteli zilipokuwa zinaota kama uyoga. Nilianza na kuuza ndizi. Ndizi za huku hazina heshima ya ndizi za kwetu, na kwa kuwa niliwaambia wateja hivyo kila siku, wateja walinikimbia. Nikaona nijaribu mbuzi. Mchaga na mbuzi si wageni.

Siku ya kwanza nilifika umande haujakauka. Mtu mmoja kutoka Kansay alikuwa na mbuzi mweupe mwenye tumbo kama ngoma. Nikamnunua haraka haraka, nikiogopa mwingine asiniwahi. Nikamfunga, nikakaa kando yake kwa majivuno. Jua lilipokuwa kali, mbuzi akakojoa. Akapumzika, akakojoa tena. Alikojoa mpaka mama wa vitunguu akahamisha vikapu vyake. Alipomaliza alikuwa mbuzi mwingine kabisa, mbavu nje, tumbo limeshikana na mgongo.

Nyuma yangu mtu akaangua kicheko. Nikageuka. Mwanamke mrefu, ushungi wa kijani, kamba zimemkaa begani kama mkanda wa risasi.

"Wewe ni Mchaga," akasema.

"Umejuaje?"

"Nani mwingine analilia mkojo? Umenunua maji yaliyovaa ngozi, mama. Huyo wamemlambisha magadi tangu jana, leo alfajiri wakampeleka mtoni."

"Na wewe uliyeona yote ukanyamaza, ni nani?"

"Mimi ni Mpare."

"Basi siulizi zaidi. Kwa Mpare hata onyo ni mali, halitoki bure."

Alicheka mpaka ushungi ukateleza. Mnajua Mchaga na Mpare ni watani tangu huko milimani kwetu. Tunaruhusiwa kutukanana hadharani na hakuna wa kukasirika: wao wanatusema kwa kupenda pesa, sisi tunawasema kwa uchoyo na kupenda kesi. Na kwa wageni wawili walioachana na kwao, kutukanwa na mtani ni kama kupikiwa chakula cha nyumbani. Jina lake lilikuwa Bi Zuhura. Kwao Usangi. Mumewe, mfanyabiashara wa nguo, alimleta Karatu akafa akamwacha na mtoto mmoja wa kiume, Rajabu. Tangu siku ile mimi kwake nilikuwa Mchaga, yeye kwangu Mpare, na mara ya mwisho kuitana kwa majina sikumbuki.

"Sasa huyo muuze," akaniambia.

"Nitapata hasara."

"Utapata. Ila hasara hii unaiona, imesimama hapo, ina miguu minne. Ukienda naye nyumbani atakula, ataumwa, fisi atasikia harufu yake, na mnada ujao bei utaikuta wapi? Halafu kuna jambo baya zaidi."

"Lipi?"

"Mbuzi akilala kwako anapata jina. Watoto watamwita Sukari au sijui Malaika. Mwenye jina hauziki. Mbuzi asilale kwako, Mchaga. Hiyo ndiyo kazi yote. Mengine ni vumbi."

Nikamuuza kwa mchinjaji wa supu, nikafuta machozi, nikarudi nyumbani na kamba tupu. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na Doreen anasema rafiki zake wote wanaolia ni wale waliolala na kitu walichopaswa kukiuza jioni, wakisema kesho kitapanda.

Nitawapa na mengine aliyonifundisha, kwa sababu yeye hataandika.

Usinunue mbuzi kabla hajakojoa. Simama naye, piga soga na mwenye mali, uliza mvua za kwao, uliza mahindi ya Buger. Tumbo la uongo halivumilii soga; hisa ndiyo haina namna ya kukojoa ukaijua. Usitazame mbuzi uso, uso wa mbuzi hauna habari. Pitisha mkono mgongoni, kuanzia mabegani mpaka mkiani. Mgongo ukikuchoma kiganja, ondoka hata kama tumbo ni pipa. Fungua mdomo uone meno. Mwinue mguu wa nyuma kidogo. Mbuzi mwenye afya anakukasirikia.

Asubuhi na mapema mwenye mbuzi ana matumaini, na matumaini ni ghali. Mwache kwanza. Jua likipanda, ameshakumbuka safari ya kurudi, amekumbuka na unga na sabuni alivyotumwa. Hapo zungumza naye, tena kwa adabu, maana mtu ametembea na wanyama wake toka mbali na wewe umelala kitandani. Mchana katikati pumzika. Watu wanakula nyama, wamelewa, bei inayumba nao. Anayefanya biashara saa hiyo anatafuta pa kumwaga mtaji.

Alasiri ndiyo shule yenyewe. Alasiri usitazame mbuzi tena, tazama magari. Fuso likiwa limejaa, tajiri wake hana haja na wewe, na bei inakufa papo hapo. Likiwa nusu tupu na dereva ameanza kukagua matairi, tajiri anaumwa tumbo: gari litakalokwenda Arusha na nafasi ni gari linalosafirisha upepo. Wakati huo yeye ndiye mwenye haraka, na wewe unaweza hata kuomba maji ya kunywa kabla hujamjibu. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kuyasoma magari. Mangapi yamekuja, lipi limejaa, lipi limewasha injini. Bi Zuhura alikuwa akisimama juu ya jiwe lake pale karibu na uzio, mkono juu ya nyusi, anatazama mara moja tu na anajua. Sijawahi kuona macho kama yale.

Ndiyo maana niliumia sana yalipokwisha.

Hakuniambia. Nililijua siku ya mnada mmoja wa kiangazi, vumbi jekundu limetanda. Kwenye uzio kulikuwa na nguzo, na mtu alikuwa ametundika shuka nyekundu juu yake. Bi Zuhura alisimama mbele ya ile shuka akiisema vibaya.

"We kaka, sogea bwana! Unazuia mbuzi zangu kivuli. Nakusemesha kwa heshima na unaninyamazia?"

Nikacheka sana. Nilijua ni vituko vyake. Nikasogea ili nimjibu kwa niaba ya shuka, ndipo nikauona uso wake. Hakuwa anafanya vituko. Alikuwa amekasirika kweli, anasubiri nguzo imjibu.

Nikaichomoa shuka taratibu, nikasema kwa sauti nene, "Samahani mama, napita." Halafu nikaenda nyuma ya choo cha mnada nikalia.

Jioni tukirudi nilimwambia, "Mpare, ile ilikuwa nguzo."

"Nilijua baadaye," akasema. "Nguzo haina harufu ya jasho."

Ikawa presha ya macho. Daktari wa Moshi alikwisha kumwambia zamani kwamba lililopotea halirudi. Alikuwa bado anaona mwanga na vivuli, na kwa karibu sana alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mbuzi hakuwa na tabu nao, maana mikono yake ilikuwa inawasoma kuliko macho ya watu wengine. Tabu ilikuwa magari. Magari hayashikiki.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Kwa nini?"

"Wakijua sioni magari, watanidanganya kila alasiri. Na Rajabu kule Usangi akisikia, atakuja kunibeba. Ameshasema. Nikikaa Usangi nitafanya nini, Mchaga? Nitawekwa kwenye mkeka kama mahindi yanayoanikwa. Mke wake ni mtu mwema sana. Atanilisha uji mpaka nife." Akanishika mkono. "Hapa najua kila jiwe. Hapa ni mtu."

Kwa hiyo tulichokuwa tunakificha ni hicho. Ingejulikana, mnada ungemla, na Usangi ungemchukua.

Ninavyokumbuka hatukupanga. Mnada uliofuata alikuwa juu ya jiwe lake, mkono kwenye nyusi, kama zamani, na mbele yake hakuna kitu ila ukungu. Alikuwa na mbuzi wazuri watano sita hivi. Na Lemayani alikuwa anamjia.

Huyo Lemayani nimweleze. Alikuwa dalali wa Kimasai kutoka Nainokanoka, mrefu kama mlingoti, akikusanya mbuzi kwa ajili ya matajiri wa Arusha. Mkimya, mgumu, hana utani na mtu. Ukimwambia bei anatazama pembeni kama vile umejamba. Kati ya watu wote pale, yeye ndiye ambaye hakupaswa kujua kabisa, maana magari tuliyokuwa tunayasoma ndiyo aliyokuwa akiyajaza yeye.

Nikaona anakaribia. Nikaona nyuma yake fuso mbili, moja imejaa mpaka mbuzi wanachungulia juu, nyingine tupu. Ningemwambiaje? Kumnong'oneza kungetufichua. Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"We Mpare!" nikapaza sauti toka ng'ambo ya mnada. "Umepanda kwenye jiwe kama unasubiri kuitwa kizimbani! Fuso la kijani tupu kama tumbo la mgeni wako, na wewe bado unahesabu kesi zako na majirani!"

Watu wakacheka. Yeye hakutingishika. Kisha nikaona kona ya mdomo inapanda.

"Mchaga," akajibu, "wewe ukisikia sarafu imeanguka kaburini unafukua! Niache na kesi zangu." Akamgeukia Lemayani. "Enhe, mwanangu. Nasikia gari lako la kijani lina baridi."

Aliuza vizuri siku ile. Na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka. Mimi namtukana, yeye anauza. "Mpare, unamkumbatia huyo beberu wakati magari yote yamejaa, mwache aende akaoe!" maana yake, uza sasa hivi kwa chochote. "Mpare, kunywa chai hata ya kukopa!" maana yake, kaa utulie, magari bado yanaingia. Sauti ilinikauka, nikawa natembea na tangawizi mfukoni. Watu walikuwa wanatusogelea wasikilize wakidhani ni burudani. Mume wangu aliniuliza kama tumegombana na yule mama Mwislamu, maana mji mzima unasema mnatukanana. Nikamwambia, sana.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mtu mmoja wa Usangi alipita Karatu, akamwona Bi Zuhura akijikwaa kwenye ndoo njiani, akapeleka habari. Rajabu akatuma ujumbe kwa dereva wa basi: anakuja mnada unaofuata na gari la rafiki yake. Atakaa pembeni amwangalie mama yake akifanya kazi. Akiona anaweza, hatasema tena. Akiona anashindwa, wanaondoka jioni hiyo hiyo.

"Vizuri," Bi Zuhura akasema. "Aje aone. Wewe lainisha koo."

Nikalainisha koo. Na asubuhi ya mnada, kabla sijachukua kamba zangu, binti yangu Aika akashikwa na uchungu.

Nilimpeleka hospitali. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, manesi wanaingia wanatoka, hakuna anayekutazama usoni. Nilikaa kwenye benchi na moyo umepasuka vipande viwili. Kimoja kiko nyuma ya ule mlango. Kingine kiko kwenye jiwe pale mnadani, mkono juu ya nyusi, kinasubiri matusi ambayo hayaji. Nilimtumia ujumbe asiende. Najua alivyomjibu aliyemfikishia: "Mwambie Mchaga azae salama, mimi naenda kazini."

Alasiri mlango ukafunguka, nesi akacheka, akaniwekea kitu mkononi kinachopiga kelele kama kimeibiwa. Ndiye huyu Doreen anayechapa. (Anasema nifute hilo la kelele. Sifuti.) Nilimbusu, nikambusu mama yake, nikamwambia, "Narudi sasa hivi," nikakimbia. Bibi wa siku moja, nimeshika viatu mkononi, nakatiza mji wa Karatu kuelekea mnadani.

Nilifika jua limeshalala upande. Magari yameanza kuunguruma. Nikajipenyeza mpaka kwenye vibanda vya mitumba, nikamwona. Amekaa juu ya jiwe, mbuzi wote wako kwenye kamba, hajauza hata mmoja. Pembeni, ameegemea uzio, kijana wa Kipare mwenye uso wa kufiwa. Rajabu. Nikavuta pumzi nianze.

Kabla sijatoa neno, sauti nyingine ikaanza.

"Wewe Mpare!" Ilikuwa nzito, haijazoea. "Wewe Mpare… mchoyo, yeyo!"

Mnada mzima ukageuka. Alikuwa Lemayani. Amesimama katikati ya uwanja, fimbo begani, jasho linamtoka kama mtu anayehutubia Bunge. Yeyo kwao ni mama, na hata alipokuwa anatukana ulimi wake ulikataa kuliacha.

"Umekaa hapo kama… kama…" Akatafuta. Hakupata. "Kama Mpare tu, yeyo! Na gari langu la bluu liko nusu tupu! Na dereva amewasha injini! Na tajiri wangu anasema nisiporudi na mbuzi ataniacha hapa! Aibu yako, yeyo!"

Dalali alikuwa amesimama mbele ya kadamnasi akimfundisha muuzaji namna ya kumkamua.

Bi Zuhura alishuka kutoka kwenye jiwe polepole.

"Lemayani."

"Naam, yeyo."

"Tangu lini Mmasai ana utani na Mpare?"

"Mchaga yuko hospitali," akasema. "Nimeshika zamu yake."

"Amekuachia yeye?"

"Hapana. Nimeishika mwenyewe."

Bi Zuhura akakusanya kamba zake mkononi. "Umesema gari ni lako?"

"Langu, yeyo."

"Nusu tupu?"

"Nusu tupu."

"Basi mbuzi hawa wamepanda bei sasa hivi. Na tusi lako halina chumvi. Nenda kajifunze."

Uwanja ulilipuka. Mama wa chai alipiga sinia lake. Muuza mitumba aliyenificha kwa nguo zake akafuta macho kwa suruali ya mtu. Na Lemayani akalipa. Alibishana kidogo, maana hata heshima ina mipaka, lakini alilipa, akawapakia mwenyewe mmoja mmoja, akamrudishia kamba zake zimekunjwa.

Nilipotoka mafichoni nilimfuata kwanza yeye. "Ulijua tangu lini?"

Akatazama pembeni, kama kawaida yake. "Ile shuka ilikuwa yangu," akasema. "Niliitundika nipate kivuli. Nilikuwa nimelala upande wa pili wa uzio alipokuwa ananigombeza."

Siku ile ile! Na mama wa chai alijua, na muuza mitumba alijua, na bwana mifugo anayegonga mihuri alijua, ndiyo maana daima alimsomea vibali kwa sauti kama anamsomea kiziwi. Sisi tulidhani tunawaficha. Wao ndio waliotuficha, miaka yote, wanacheka matusi yangu kama vile hawajui yamebeba nini, ili tusijue kwamba wanajua.

Rajabu alinijia. Funguo za gari ziko mkononi. Alikuwa na macho ya mama yake, yale ya zamani.

"Shikamoo Mama Aika."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuja na gari dogo," akasema. "Nilifikiri nambeba mtu mmoja." Akawaangalia wale watu wote, mama wa chai anamsukumia Bi Zuhura kikombe mkononi, Lemayani anafundishwa na wachunga mbuzi namna ya kumtukana Mpare. "Sasa hawa wote nitawapakia wapi?"

Alirudi Usangi peke yake. Mama yake alimshika mkono tu akamwambia asiendeshe kwa kasi, maana Mpare akipata ajali anaishitaki barabara.

Alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, akaacha mwenyewe siku aliyotaka, kwa mdomo wake. Anaishi bado hapa hapa Karatu, chumba cha uani karibu na msikiti, na Rajabu anakuja kumwona. Mimi niliendelea mpaka mwaka huu magoti yaliponikataa. Lemayani amekuwa mzee, ana wajukuu kuliko mbuzi, na matusi yake sasa yana chumvi kiasi.

Siku yangu ya mwisho niliuza mapema. Paulina, wewe ulikuwepo, uliniuliza mbona nimebaki na mmoja na magari yanaondoka, unafikiri bibi amezeeka amesahau. Sikusahau. Nililitazama fuso la mwisho likipinda barabara ya Arusha, nikakunja kamba zangu zote isipokuwa moja, nikatembea na yule mbuzi polepole mpaka uani kwa Bi Zuhura.

Alikuwa amekaa mlangoni. "Mchaga, umechelewa. Leta kamba."

Kila mnada nilikuwa nampa kamba azipapase, ajue nimetoka salama. Akazipapasa, tupu, tupu, tupu, halafu ile ya mwisho ikavuta. Vidole vyake vikasimama.

"Hii ina kitu."

"Ina kitu."

Akaifuata kamba mpaka akamfikia mbuzi. Akapitisha mkono mgongoni, toka mabegani mpaka mkiani. Akafungua mdomo, akahisi meno. Mbuzi akamlalamikia kwa sauti mbaya sana.

"Amekojoa?"

"Mara mbili, njiani."

"Magari?"

"Yote yameondoka, Mpare. Hakuna hata moja."

Akakaa na mkono juu ya kichwa cha yule mbuzi, na mimi nikateremka nikakaa kando yake kwenye ngazi, magoti yakilia.

"Basi huyu analala," akasema.

"Analala."

"Sauti kama ya Lemayani akitukana." Akavuta ncha ya kamba akaifunga kwenye kiti chake, fundo lile lile alilonifundisha. "Haya, Mchaga. Jina tumeshapata."